Siku Niliyouliza Nyavu Zinawekwa Wapi

Mimi ndiye niliyemuuliza mutoto wa watu, mbele ya bwana wa samaki wa serikali, mahali baba yake anapoweka nyavu wakati ziwa limefungwa. Nilimuuliza kwa sauti ya upole, chaki mukononi, na aliposita nikamuambia asiogope. Naliweka neno hili mwanzoni kabisa kwa sababu najijua: nikiliacha katikati nitalizungushia maelezo mupaka lionekane kama ajali.

Haikuwa ajali. Nilitaka maksi.

Mimi ni mutu wa nyumbani. Nilimaliza sekondari kwa shida, nikaingia chuo cha walimu kwa shida zaidi, na safari niipendayo kuliko zote ni ile ya kutoka kitandani kwenda jikoni kwa mama. Mama alizaliwa ng'ambo, upande wa Kongo, ndiyo maana nyumbani kwetu Nchelenge tunasema Kiswahili chake, hata kama nje ya mulango ni Kibemba tupu. Nimekulia karibu na ziwa Mweru kiasi kwamba mawimbi yakipiga nayasikia nikiwa nakula, na bado nimepanda mutumbwi mara moja tu maishani. Nilitapika ndani ya ndoo ya chambo. Wenye mutumbwi walinirudisha ufuoni kama mutu anavyorudisha sufuria ya kuazima. Upande wa kilimo, shamba langu ni makopo matatu ya vitunguu dirishani.

Jirani yetu, mama mumoja anayekausha chisense, wale samaki wadogo wa ziwa letu wanaoanikwa juu ya muchanga kama mahindi, alinipa jina zamani. Ananiita Kuku wa Kuatamia.

"Kuku, umeamuka?" anauliza kila asubuhi kutoka upande wake wa ua. "Mayai iko namna gani?"

Basi chuo kilipotuuliza kila mumoja anataka kufanya mazoezi ya kufundisha wapi, wenzangu wakaandika majina ya miji. Mimi niliandika shule ya ufuoni ambayo ukisimama mulangoni unasikia harufu ya sombe ya mama yangu, yale majani ya mihogo. Nilikubaliwa. Nilipewa darasa la saba, darasa la mutihani, na somo ambalo hakuna mwalimu mwenyeji aliyelitaka: kazi za kilimo, ufugaji na uvuvi, na namna kijana anavyoweza kujenga maisha kwazo.

Niliingia mwezi wa kwanza, mvua ikipiga mabati mupaka nikawa nafundisha kwa mikono. Siku ya kwanza niliuliza nani anataka kuwa mulimaji. Hakuna mukono. Nani anataka kufuga? Mumoja alisema angefuga kama ng'ombe wangekuwa na usukani. Wengine walitaka kuwa madereva, wauguzi, askari. Ndipo mutoto mumoja wa mustari wa mbele aliponieleza kwa huruma, na 'ba' ya heshima ya Kibemba:

"Ba mwalimu, kulima haiko kazi. Kulima ni azabu."

Aliniambia kweli. Katika shule ile, na shule nyingi za kwetu, ukichelewa unapewa jembe. Ukipiga kelele unapewa jembe. Nyuma ya madarasa kulikuwa na shamba zuri la mahindi lililolimwa lote na wakosaji. Nilisimama pale na chati yangu yenye mulimaji anayecheka, nikajua kwamba nauza kama dawa fimbo ambayo watoto hawa tayari walishachapwa nayo.

Mumoja tu ndiye aliyeinua mukono. Msichana murefu, sauti yake nene kidogo kama ya mutu mukubwa, binti wa muvuvi wa kambi iliyo nyuma ya matete. Alisema anataka kusoma samaki.

"Kuloba samaki?" nilimuuliza, maana kwetu kuvua ni kuloba.

"Hapana, ba mwalimu. Kusoma. Kujua wanafanya nini chini ya maji."

Darasa lilicheka. Mimi nilifurahi kama niliyeokota kitu barabarani. Tangu siku ile nilifundisha nikimuangalia yeye. Alikuwa akiinua mukono kabla sijamaliza swali, kiwiko chake kinagonga aliye karibu, na alikuwa na majibu.

Sasa lazima nieleze jambo ambalo kila mutu wa ziwa analijua. Kuanzia mwanzo wa Desemba mupaka Februari iishe, ziwa linafungwa ili samaki wazae. Hakuna kuloba. Lakini tumbo halifungwi. Kwa hiyo kuna desturi: katika miezi hiyo, samaki yeyote unayemukuta sokoni ni wa mwaka jana. Unaweza kukuta anatingisha mukia. Ni wa mwaka jana. Muuzaji anasema, mununuzi anaitikia, muhubiri ananunua wawili na kushukuru. Hakuna anayedanganywa, na hakuna anayeuliza. Watoto wanajifunza jambo hilo kabla ya kujifunza kuhesabu.

Mimi pia nalijua. Nimekula samaki wa mwaka jana maisha yangu yote.

Katikati ya Februari, mukaguzi kutoka chuo alituma habari kwamba anakuja kuniangalia. Somo la siku hiyo lilikuwa uvuvi kama kazi. Nikapata wazo, nami nikipata wazo huwa nalipenda mupaka nashindwa kuliangalia upande wa nyuma. Nilimualika bwana wa samaki, afisa anayelinda ziwa, aje awaambie watoto kazi yake.

Jirani alinisikia nikimuambia mama.

"Ule bwana? Mu kalasi? Mu mwezi huu?" Alisimama na ungo wake. "Kuku, unaleta mwewe uangalie naye vifaranga?"

"Anakuja kuzungumuzia kazi, mama. Si kukamata mutu."

"Na masikio yake ataiacha ku nyumba?"

Nilicheka. Nilimuona mama wa chisense asiyejua mambo ya chuo.

Siku ilifika. Mukaguzi alikaa nyuma na karatasi zake. Bwana wa samaki alikaa mbele, kofia magotini, mutu mupole, mwenye kikohozi cha mvua. Alieleza vizuri. Alisema samaki anayeitwa pale, yule mupana ambaye kila nyumba inamupenda, anabeba mayai mudomoni mwake mupaka watoto watoke, na hata wakitoka, wakiona hatari wanarudi humo humo kujificha. Watoto walisogea mbele kwenye madawati.

Yule msichana aliinua mukono.

"Ni kweli, bwana. Lakini wengine wanaanza mapema. Wale wa wiki hii midomo ilikuwa tupu, walishamaliza."

Wale wa wiki hii.

Nakumbuka kimya kilivyoanzia mustari wa nyuma kikaja mbele. Watoto arobaini walijua. Bwana wa samaki alijua, na namushuhudia hapa: aligeuza uso dirishani, akakohoa kikohozi kirefu kuliko alichohitaji, akaanza kuangalia mvua. Alikuwa anatufungulia mulango tupite. Ilikuwa inatosha niseme, "Vizuri, mwingine."

Lakini mukaguzi alikuwa anaandika. Nilisikia kalamu yake. Na katika mupango wa somo langu, mustari wa tatu, nilikuwa nimeandika kwamba mwanafunzi ataweza kueleza vifaa vya kazi na namna ya kuvitunza. Nikaona hapa ndipo mahali pake.

"Vizuri sana! Hebu tuambie, baba anatumia vifaa gani?"

"Nyavu, ba mwalimu." Sauti ilikuwa imeshuka.

"Na baada ya kazi nyavu zinatunzwa wapi?"

Alinyamaza. Aliniangalia mimi, si yule bwana. Aliniangalia kama mutu anayengoja mwenzake akumbuke kitu.

"Usiogope," nilisema. "Hapa kila jibu ni zuri."

Alikuwa mutoto aliyefundishwa kwamba mwalimu akiuliza unajibu. Alisimama wima.

"Ndani ya choo kipya, ba mwalimu. Kile chenye hatujaanza kutumia."

Nami nikamupigia makofi. Darasa halikufuata. Nilipiga peke yangu, makofi matatu, halafu mikono yangu ikajua kabla ya kichwa.

Somo lilipoisha bwana wa samaki alinipeleka pembeni, chini ya mabati. Alisema nami kwa Kibemba, polepole, na maana yake ilikuwa hivi: "Mwalimu, kwa nini ulimuuliza mbele yangu? Kuna mambo mutu anaweza kuyasikia nusu. Wewe ulinipa yote, na mukubwa kutoka chuo ameandika." Aliivaa kofia yake. Hakuondoka kwa haraka.

Kesho yake asubuhi nilinusa nailoni inaungua. Moshi wa nyavu hauko kama moshi mungine. Ni mweusi na unashika kooni, na watu wa ufuoni wanaujua kama wanavyojua king'ora. Watu wa bwana wa samaki walikuwa wamezitoa ndani ya choo kipya, nyavu zote, wakazichomea muchangani mbele ya kambi. Mutumbwi ulichukuliwa. Baba mwenyewe waliandika jina lake na kumuacha. Kiti cha yule msichana kilikuwa kitupu siku ile, na siku iliyofuata, na wiki nzima.

Watoto walinieleza, bila kuniangalia. Familia imeenda upande wa Kafutuma, kwa ndugu za mama yake, kulima mihogo. Mukubwa wa shule naye akafungua daftari lake: asiporudi kabla ya mwezi wa tatu kwisha, jina lake litakatwa kwenye orodha ya mutihani. Alisema pia, kama mutu anayetaja hali ya hewa, kwamba baba amesema mutoto hatarudi mahali wanapofundisha kuuza siri za nyumba.

Ningependa kuandika kwamba niliondoka saa ile ile. Siku tisa nilitoka shule na kurudi nyumbani tu. Nilimwagilia vitunguu vyangu mupaka vikaoza. Mama aliniwekea bukari, ugali wetu wa mihogo, akaniondolea, hakusema kitu; jirani alikuwa anasema kwa ajili ya wote wawili.

"Kuku, leo pia unaatamia? Sawa. Ukitotoa utuite."

Siku ya kumi niliazima baiskeli. Nilitoka kabla ya jua, na nilifika jua likiwa katikati ya kichwa. Njiani wanaume waliobeba magunia mawili mawili ya mihogo walinipita kwenye kilima, wakinisalimu kwa heshima ambayo mutu anampa mugonjwa.

Niliwakuta shambani. Baba alikuwa mutu mufupi mwenye mabega ya kasia. Alikuwa ameshika jembe kwa juu sana, kama wavuvi wanavyolishika. Mama yake mutoto alikuwa anakata vijiti vya mihogo vya kupanda. Msichana alikuwa mbali, kwenye mwisho wa shamba, na aliponiona aliinama zaidi.

"Weye ndiyo mwalimu yake?" baba aliuliza. Kiswahili chake kilikuwa cha soko, cha kuuzia Wakongo.

"Ndiyo, baba."

"Ikala." Alinionyesha gogo, nikakaa. Yeye hakukaa. "Ulikuja kuuliza nini tena? Hapa choo iko moja tu, na inatumika."

Mama alitoa kicheko kifupi kisichokuwa na furaha.

"Nimekuja juu ya mutoto, baba. Mutihani."

"Sikia, mwalimu. Nyavu, nilijua siku moja watakamata. Kila mutu wa ziwa anajua, kwa ile sina mashitaki. Nitashona zingine. Lakini kinywa yenye ilisema, inakulaka bukari mu nyumba yangu." Alilipiga jembe chini. "Nilimuuliza: nani alikulazimisha? Akasema: hakuna mutu. Nilisema tu. Basi. Mutoto mwenye anasema tu, nitamupeleka masomo ajue kusema zaidi?"

Hakuna mutu. Nilisema tu.

Nililiangalia lile umbo lililoinama mwisho wa shamba. Siku zote hizo alikuwa amenificha mimi. Mimi niliyetoa siri yake kwa mustari wa tatu wa mupango wa somo, yeye alinitunza ndani ya mudomo.

"Baba," nilisema, "ni mimi nilimuuliza."

"Uliuliza nini?"

"Nyavu zinawekwa wapi. Alinyamaza. Nikamuambia asiogope, aseme."

"Mbele ya ule bwana?"

"Mbele yake."

"Ulikuwa hujui iko nani?"

"Mimi ndiye nilimualika."

Mama aliacha kukata vijiti. "Ulimualika," alisema taratibu. "Na kitu ya kula mulimupa?"

"Soda, mama. Na mikate ya mafuta."

"Soda!" Alimugeukia mume wake, akapiga mikono. "Unasikia? Nyavu zetu zilienda na soda!"

Baba hakucheka. Aliniangalia muda murefu, kuanzia viatu mupaka kichwa. Mimi nami nilitazama chini, maana nilikuwa nimekuja na hotuba, na hotuba ilikuwa imekwisha. Kisha akageuza shingo, akaita kuelekea mwisho wa shamba, kwa jina la heshima ambalo baba wa kwetu anamuita binti aliyerithi jina la mama yake:

"Mama! Lete mugeni maji."

Msichana alisimama kwanza bila kutembea. Halafu alikuja na kikombe, akapiga goti, akanipa bila kuniangalia. Mama yake alikuwa amefunika mudomo kwa kitenge. Wakati wa kuondoka, akinisindikiza mupaka njiani, ndipo aliponiambia: tangu moto ule, baba hakuwa amemutamkia mutoto neno hata moja. Akitaka maji, alikuwa anayaomba kama mutu anayesema na hewa.

Lakini juu ya masomo baba alisema tu, "Tutaona. Shamba kwanza. Mutoto hatasoma na njaa."

"Nitakuja kusaidia."

Wote wawili waliangalia mikono yangu.

"Na hiyo?" mama aliuliza.

Nilienda Jumamosi tatu. Huko wanalima kwa vichuguu: unakata nyasi, unazilaza, unazifunika na udongo kuwa kilima cha mviringo, zinaoza ndani na kuwa chakula cha mihogo. Nilikuwa nimekichora kilima hicho ubaoni kwa chaki za rangi tatu, na mishale. Cha kwanza nilichokijenga kilibomoka nikiwa nakitazama. Cha pili kilibomoka nilipogeuka.

"Si vile, ba mwalimu," msichana alisema nyuma yangu. Yalikuwa maneno yake ya kwanza kwangu. "Nyasi nyingi, kisha udongo. Weye unapaka tu udongo, kama mutu anapaka mafuta."

Alinionyesha mara moja, akarudi kwenye mustari wake. Nilijenga vilima mupaka viganja vikapasuka, na kila Jumamosi jioni niliporudi nilishindwa kushika kijiko, mama akawa ananiangalia nikila kwa mukono wa kushoto. Nilikuwa nimewaambia watoto arobaini kwamba jembe si azabu. Sikuwa na haki ya kulalamika.

Ziwa lilikuwa limeshafunguliwa Machi ilipoanza. Kabla mwezi haujaisha baba alirudi na nyavu alizoshona kwa vipande vya ndugu zake, na mutumbwi wa kuazima, na siku ya pili yake, kabla watoto hawajapanga mustari wa asubuhi, msichana aliingia getini na daftari ndani ya mufuko wa plastiki. Mukubwa wa shule alimuangalia, akaangalia daftari lake, akaliacha jina mahali lilipokuwa. Niligeukia ubao na kuandika tarehe mara mbili.

Aliomba kiti cha nyuma, kando ya ukuta. Anaandika vizuri kuliko zamani. Katika jaribio la mwisho alinipa ukurasa mzima juu ya samaki pale na mayai yake, na kosa halikuwamo. Lakini mukono hauinuki. Nikiuliza swali, kiwiko chake kinabaki juu ya meza. Nikimutaja jina anasimama, anasema, "Sijui, ba mwalimu," na naona machoni mwake kwamba anajua.

Mazoezi yangu yaliisha wiki ya jaribio hilo. Barua ya mukaguzi ilifika, maksi nzuri. Iliandikwa kwamba somo la uvuvi lilionyesha namna mwalimu kijana anavyojua kuwashirikisha wanafunzi. Nimeiweka chini ya godoro, sijaionyesha kwa mutu.

Jioni ile nilitoka nje, nikasimama kwenye ua. Jirani alikuwa anakusanya chisense wake kabla ya umande, wa mwaka huu, safi, mbele ya macho ya watu wote. Sikuwa nimepanga kusema kitu. Nikajikuta namuambia: mutoto amerudi, baba anasema naye, jina liko kwenye orodha, lakini hataki tena kunijibu, na sijui nifanye nini.

Alijaza ungo wake kwanza. Halafu akanyoosha mugongo, akaniangalia juu ya ua, na kwa mara ya kwanza hakuniita Kuku.

"Anakuogopa, mwalimu, na anafanya vizuri. Hata miye siwezi kukuambia mahali ninawekaka chumvi yangu."